Sanduku la Posta Lenye Umeme

Intaneti ilinifuata kitandani. Sisemi hivyo kwa majivuno. Anayenijua tangu miaka ile anajua kwamba hakuna jambo ambalo lingeweza kunipata mahali pengine.

Nilimaliza kidato cha nne kwa daraja lisilomuudhi mtu wala kumfurahisha mtu, nikarudi Makole, Dodoma, kwenye nyumba tuliyoachiwa na marehemu wazazi wetu, nikakaa. Wenzangu walikwenda Dar, wengine Mererani kuchimba mawe ya thamani. Mimi nilitengeneza pasi na redio za majirani kwenye meza iliyo chini ya dirisha la uani, na safari yangu ndefu ya wiki ilikuwa sokoni. Dada yangu aliniita kuku wa kuatamia. "Tena kuku wa ajabu," alikuwa akisema huku anakanyaga cherehani, "maana hata mayai hana."

Yeye alikuwa amerudi nyumbani kwa sababu zake. Aliolewa, akaachika, akarudi na ile cherehani, na ukitaka kumwona anacheka umwambie pole. Alisoma sekondari ya Mvumi, akafaulu kuliko mimi, kisha akashona sare za shule za mtaa mzima mpaka vidole vikawa na sugu. Alichotaka ni kimoja: kusomea kukata na kubuni mavazi, apate cheti, afungue karakana yake mahali ambapo hakuna mtu wa kumuuliza anaolewa lini tena.

Ilikuwa miaka ya kila kitu kuruhusiwa. Duka la ushirika mwisho wa mtaa liligeuka duka la mitumba, kisha banda la video. Watumishi wa serikali walikuwa wakipunguzwa kazini kama mchele unavyopepetwa, na mmoja wa waliopepetwa akaja kupanga chumba chetu cha mbele. Alikuwa mama wa makamo kutoka Moshi, mpiga chapa wa wizara tangu ujana wake. Kiinua mgongo chake alikinunulia kompyuta tatu zilizokwisha kutumika, akavuta simu ya waya, akabandika karatasi mlangoni iliyoandikwa INTANETI kwa herufi zenye vivuli. Chumba chake na changu vilitenganishwa na ukuta wa mbao nyembamba ambao baba aliuweka kwa muda, yaani mpaka leo. Upande wake ulikuwa na kompyuta. Upande wangu ulikuwa na mto.

Kwa hiyo nilisikia yote. Asubuhi ilianza na mlio wa mashine ikitafuta laini, kama paka anayeburutwa juu ya bati, kisha watu wakaanza kuingia. Watu hawakujua kuchapa, na yule mama alijua kuchapa tu. Wakamfanya kama walivyokuwa wakimfanya mpiga chapa wa nje ya posta: wanasimama nyuma ya kiti chake na kumtajia kwa sauti. Andika mke wangu mpenzi, koma. Andika nimepokea, nukta.

Hapo lazima nieleze habari za sanduku la posta, la sivyo hamtaelewa upumbavu uliofuata.

Mtaa wetu wote ulikuwa na sanduku moja la posta, na lilikuwa la baba mkubwa, kaka yake baba. Mababu zetu walikuja na misafara ya biashara kutoka pwani wakaishia hapa, ama kwa sababu maji yaliwaishia, ama kwa sababu walipata wake; wazee wa ukoo bado hawajakubaliana. Baba mkubwa alirithi duka la nafaka pamoja na ukubwa wenyewe. Ufunguo wa sanduku aliuvaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Kila Ijumaa baada ya swala barua zilimwagwa juu ya kaunta ya duka, katikati ya kunde na choroko, na mtaa ukakusanyika. Ulipofika kuchukua yako ulikuta jirani amekwisha kuipima uzito kwa kiganja, ameisoma bahasha mbele na nyuma, na amekuombea dua kulingana na mhuri. Lakini hakuifungua. Gundi ilikuwa mpaka. Tulijuana kila kitu mpaka kwenye gundi, na hapo tuliachiana.

Intaneti ilipokuja, baba mkubwa aliona jambo la wazi kabisa: mtaa uwe na anwani moja.

"Mzee, kufungua ni bure," yule mama alimwambia. "Kila mtu anaweza kuwa na yake."

"Bure ndiyo inayopoteza watu, mama. Kila mtu na sanduku lake, tutasalimiana kwa lipi?"

Ikafunguliwa moja. Neno la siri likawa zabibu, nalo likatangazwa dukani siku ya Ijumaa, kwa kurudiarudia, ili wasiosikia vizuri nao walijue. Hadi muuza mkaa alijua siri yetu.

Barua pepe haina gundi. Kilichofuata ndicho kinachonitia kinyaa mpaka leo, na mimi si mtu wa kinyaa rahisi; nimefungua redio walimozaliwa panya. Wanaume walikuja na mihogo ya kukaanga iliyopakwa pilipili, wakakaa, wakafungua zabibu, wakasoma ya kila mtu kwa sauti huku wanatafuna. Kidole chenye mafuta kilifuata mstari juu ya kioo. Dereva mmoja wa mtaa wetu aliyekwenda kufanya kazi Maskati alimwandikia mkewe kwamba anaukumbuka mgongo wake. Kesho yake yule mke alipopita kwenda kuteka maji, vijiwe viwili vilimuuliza mgongo unaendeleaje. Walicheka mpaka mate yakawatoka. Niliwasikia kutoka kitandani. Ukuta ule ulipitisha hata harufu ya pilipili.

"Huo ndio uwazi," alisema mwalimu mstaafu, jirani yetu, ambaye alipenda kila jambo liwe na jina. "Zama za kufichana zimekwisha. Dunia ni kijiji."

Mtu aliyewahi kuishi kijijini asingelisema hilo kama sifa.

Katikati ya uwazi huo dada aliomba chuo. Mke wa mtumishi mmoja wa Bunge, mteja wake wa suti, alimweleza kuna chuo Nairobi kinachofundisha ubunifu wa mavazi na kinapokea maombi kwa barua pepe. Dada akamtajia yule mama maombi yake kwa sauti ya chini, akaweka anwani ya mtaa, maana ndiyo tuliyokuwa nayo. Baada ya hapo alinawa mikono kwa sabuni. Kila alipogusa kibodi kile alinawa, akisema kinateleza kama sufuria ya maandazi.

Chuo kikajibu. Walitaka kujua ana uzoefu gani, na kama bado anaihitaji nafasi. Dada alikuwa sokoni kununua vifungo. Aliporudi, majibu yalikwisha kwenda.

Mwalimu mstaafu alijibu kwanza, kwa Kiingereza chake cha mkoloni, akisema mwombaji ana uzoefu wa miaka ishirini na tabia isiyo na doa. Dada alikuwa na miaka ishirini na sita. Kinyozi akaongeza kwamba mtaa mzima unamwunga mkono. Mwingine akauliza kama chuo hicho kinafundisha na udereva, kwa kuwa ana mpwa. Kila mmoja alisaini jina la dada, kwa sababu ndilo lililoulizwa. Hawakuwa na ubaya hata chembe. Ndivyo tulivyomjibia jirani asiyejua kuandika tangu enzi za babu, na hakuna aliyefikiri kwamba anayesoma upande wa pili hawezi kuuona mtaa, anaona mtu mmoja mwenye wazimu.

Chuo kikaandika tena, kwa adabu. Wamepokea majibu mengi yanayopingana. Wangependa kuthibitishiwa kwamba mwombaji ni mtu mmoja.

Dada alisoma hilo akiwa amesimama. Alikuja chumbani kwangu, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Wamenila," alisema.

"Wamekusaidia," nikasema, nikijaribu mzaha.

"Nzi naye husaidia kidonda. Inuka, twende kwa baba mkubwa."

Nataka hili likumbukwe na wale wanaopenda kusimulia hadithi yetu kama ya mzee mbaya. Sisi ndio tuliokwenda kwake. Mimi mwenyewe nilivaa viatu, jambo lililoshangaza majirani, tukamwomba abadilishe neno la siri, alishike yeye peke yake, kama ufunguo wa sanduku. Tulitumia neno usalama. Alitusikiliza akiwa anachambua choroko, akatikisa kichwa kwa huzuni ya mtu aliyengojea muda mrefu kuombwa.

"Nilijua mtarudi," alisema. "Kitu kisicho na mlango si nyumba."

Basi tukapata mlango. Dada alithibitisha kwa chuo kwamba ni mtu mmoja, na siku hiyohiyo neno likabadilishwa. Walaji mihogo wakatoka kwenye kafe ya yule mama wakinung'unika. Kwa siku chache nilidhani ni amani. Baba mkubwa alikuja kila asubuhi na kofia yake safi, akakaa na yule mama, akasomewa zote. Kisha siku ya Ijumaa, juu ya kaunta, akawagawia watu ujumbe wao kwa mdomo, akiwa ameupunguza apendavyo. Mke wa dereva aliambiwa, "Mumeo anakusalimu, na mengine ni ya kidunia." Mwalimu mstaafu aliambiwa kwamba mwanawe ameandika, ila lugha aliyotumia haikuwa ya heshima, kwa hiyo ajue tu kwamba ni mzima.

Dada akamwendea yule mama amfungulie anwani yake peke yake.

"Mwanangu," yule mama alisema, na hili nililisikia wazi kupitia ukutani, "mzee ameniambia mtaa huu tayari una anwani. Leseni yangu inapita kwa mwenyekiti wa mtaa, na mwenyekiti ananunua mahindi kwake. Mimi nimekwisha kupunguzwa mara moja."

Wakati huohuo kulikuwa na mgane mmoja wa Kizota, aliyefiwa na mkewe, mwenye karakana ya kuchomelea mageti. Biashara hiyo ilistawi sana miaka ile, kwa kuwa watu walikuwa wameanza kupata vitu vya kuibiwa. Alikuwa rafiki wa baba mkubwa, na alikuwa akitafuta mke mtulivu. Alikuja mara mbili kutusalimia, akakaa barazani akiyatazama madirisha yetu, akasema tunahitaji nondo. Dada alimletea chai isiyo na sukari.

"Nairobi wanasemaje, baba mkubwa?" alikuwa akiuliza kila Ijumaa.

"Wamenyamaza, mwanangu. Wakubwa hawana haraka."

Saa za baba mkubwa kwa kawaida mimi nilikuwa mezani uani, ila asubuhi moja nilikuwa bado kitandani, nikiumwa mgongo, kama nilivyoumwa kila palipokuwa na kazi ya kubeba. Baba mkubwa akaingia upande wa pili. Masikio yake yalikuwa yameanza kuchoka, na kama watu wote wa namna hiyo aliamini sisi ndio tusiosikia.

"Andika neno la siri," alisema. "Ubuyu."

Alikuwa ametoka kwenye zabibu akaenda kwenye ubuyu. Hakutoka hata nje ya soko.

Vitufe vikalia. Kisha akasema, "Sasa waandikie hao wa Nairobi. Andika: nimefurahi kukubaliwa. Koma. Ila nimepata posa na wazee wameridhia. Nafasi wapewe wengine. Wassalaam. Weka jina lake."

Vitufe vikasimama. "Mzee, binti mwenyewe anajua?"

"Wewe ni mpiga chapa au kadhi?"

Vitufe vikalia tena, polepole. Nilikuwa nimeinua shavu kutoka kwenye ubao.

"Imekwenda?"

"Imekwenda."

"Basi," akasema baba mkubwa, kwa ile sauti ya mtu aliyesikia barua ikianguka ndani ya sanduku jekundu.

Nilimfuata dada uani. Nilipomaliza kumweleza, aliitoa pini mdomoni, akaichoma kwenye kitambaa.

"Umesikia yote hayo ukiwa umelala?"

"Nilikuwa nimekaa, mwishoni."

Tuliingia kafe kwa mlango wa ndani. Yule mama alitutazama, akachukua kikapu, akasema anakwenda kununua nyanya. Nyanya zilikuwa mezani pake, fungu zima. Dada akakaa, akachapa ubuyu.

Ujumbe wa chuo ulikuwapo, wa wiki mbili nyuma, umefunguliwa. Amekubaliwa. Na mahali pengine, palipohifadhiwa yaliyotumwa, majibu yalikaa yamejipanga vizuri, kila moja na saa yake. Baba mkubwa aliishi na sanduku la posta miaka mingi: barua ukiitumbukiza imekwenda, haibaki nyuma yako kukusuta. Hakuwahi kufikiri kwamba sanduku lenye umeme linaweka nakala. Kwa hiyo hakufuta kitu. Tuliona aliyomjibu mtoto wa mwalimu. Tuliona aliyomjibu dereva wa Maskati, akiandika kama mke, akimwonya mumewe aache kabisa habari za mgongo. Mzee wa miaka sabini, mwenye kofia safi, akiandika "mimi mkeo nikupendaye".

Dada alisoma hadi mwisho, akainuka, akaenda kunawa. Safari hii mimi pia nilinawa. Mchana kutwa sikuweza kusema nilinawa uchafu wa nani zaidi. Wale walaji mihogo walimsoma kila mtu kwa sauti; huyu alimsoma kila mtu kimyakimya na kisha akawa yeye. Ufunguo ulipokuwa wa wote, aliyeharibu hakujulikana. Ulipokuwa wa mmoja, alijulikana, lakini hapakuwa na wa kumshitaki, kwa sababu mashitaka nayo hupelekwa kwake.

Ijumaa dada alikwenda dukani, na mimi nyuma yake. Watu walikuwa wamejaa kaunta.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, mwanangu."

"Nairobi wamesemaje?"

"Bado wamenyamaza."

"Na sisi tumewajibu nini?"

Mkono wake ulikwenda shingoni, kwenye ufunguo. Hakuuliza dada ameona nini.

"Nani amekufungulia?" alisema.

"Ndilo swali lako, baba mkubwa? Kufuli?"

"Nilikuwa nakulinda. Nairobi humjui mtu."

"Na dereva wa Maskati, ulipomwandikia kama mkewe, ulikuwa ukimlinda na nani?"

Mke wa dereva alikuwa amesimama karibu na gunia la kunde. Alimtazama mzee kwa muda mrefu, halafu akajifunga khanga vizuri, akatoka bila kununua. Nadhani hilo lilimuuma baba mkubwa kuliko maneno yote. Aliinamisha kichwa, akaanza kuchambua choroko ambazo zilikwisha kuchambuliwa.

Mwalimu mstaafu akaona nafasi. "Ndiyo maana nilisema toka mwanzo, neno la siri lirudi kwa wananchi."

"Mwalimu," dada alisema, "wewe ndiye uliyenipa miaka ishirini ya kazi. Nilianza kushona nikiwa na miaka sita?"

Mtu mmoja akacheka, kisha akaona hakuna anayemfuata, akaacha.

Tuliporudi nyumbani, yule mama alikuwa amekwisha kuwasha mashine. "Nipunguzwe basi," alisema, na akamfungulia dada anwani yake. Alipofika kwenye neno la siri alitoka kwenye kiti na kugeukia ukutani, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona Makole. Dada alichapa mwenyewe, kwa kidole kimoja, kisha akawaandikia Nairobi kwamba ile barua ya posa haikuwa yake.

Chuo kilijibu baada ya siku kadhaa. Walisema kwa masikitiko kwamba wamepata barua nyingi mno kutoka kwake, na hawawezi tena kujua ipi ni yake. Nafasi imekwisha kutolewa. Akitaka kufikiriwa katika awamu ijayo, afike yeye mwenyewe, na vyeti, na kazi ya mikono yake.

Akaenda. Alishona gauni, akalivaa ndani ya khanga ili lisijikunje, akachukua na cherehani. Nilimbebea mpaka stendi, mgongo na yote, nikamwona akikaa dirishani huku kioo kikiwa na vumbi jekundu.

"Kuku ametoka nje," alisema. "Rudi kabla mvua haijakukuta."

Mvua, Dodoma, mwezi wa tisa.

Alishonea watu Nairobi mpaka awamu ile ikafika, akapata cheti, na hakurudi kuishi. Kafe ilikufa simu za mkononi zilipokuja. Yule mgane alioa kwingine. Baba mkubwa alitangulia mbele ya haki, na dada alikuja msibani, akalia kweli. Siku hizi nikisikia redioni mabingwa wanabishana kama intaneti iwe wazi au ilindwe, nanusa pilipili ya mihogo na kofia iliyofuliwa, vyote kwa pamoja, nazima. Redio naijua kuizima. Ndiyo kazi yangu.

Idi iliyopita dada alikuja kututembelea. Alikaa uani na simu yake, akiandika na kutabasamu. Nilipita karibu na bisibisi mkononi, bila nia yoyote, naye akaigeuza simu ikalala kifudifudi juu ya paja.

"Hata mimi?" nikamwuliza.

"Hasa wewe. Wale wa mihogo walisoma, baba mkubwa akaandika. Wewe ulisikiliza miezi yote ile ukiwa na mto."

Alingoja nipite, nikapita. Kisha akaniita, akanituma sabuni ya kunawa mikono.